Shukrani Ilikwisha Liwa

Watu wa zawiya, nyumba yao ya ibada, walikubaliana kwamba tangu Abasi arudi kutoka Dar es Salaam, zikri yake imekuwa nyingine kabisa. Zamani alipiga zikri kama wenzake, kwa pumzi nzuri na sauti nzito, lakini ukifika nyumbani umeshamsahau. Sasa hafiki hata katikati kabla jasho halijamtiririka, mkono unakwenda kifuani wenyewe, machozi yanamlengalenga, na siku nyingine magoti yanamkunjika mpaka wenzake wa kulia na kushoto wamdake makwapani. Wazee walimtazama kwa wivu wa heri. Mtu aliyeonja mauti akarudishwa, walisema, huyo si mwenzenu tena.

Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, mkewe Mwanamkuu alikuwa anapokea hongera.

"Mumeo amezama, shoga," jirani yake alimnong'oneza Ijumaa hiyo baada ya Alasiri. "Wa kwetu wanazama kwenye bao tu."

Wanawake wakacheka ndani ya khanga zao. Mwanamkuu naye alicheka, maana asingecheka wangemuuliza ana nini. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye tundu la pazia. Alimwona Abasi akigeuza uso pembeni, akapitisha mkono wa kanzu mdomoni kama anayejifuta jasho, na humo ndani ya mkono wa kanzu vidole viwili vikatia kitu chini ya ulimi. Halafu akafumba macho na kusubiri. Watu wote walidhani anasubiri jambo la mbinguni.

Kutoka zawiya mpaka nyumbani kwao ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, lakini siku hizo Abasi aliutembea kwa vituo. Abasi ni seremala, na mitaa ya zamani ya Tabora haikosi milango ya kuchonga iliyoachwa na Waarabu na mafundi wao. Walipofika kwenye mlango wa kwanza akasimama, akaweka kiganja kwenye fremu.

"Angalia mkono wa mtu huyu, Mama Zuwena. Angalia ua lilivyokaa."

"Nimeliangalia. Na jana nimeliangalia."

"Kitu kizuri hakichoshi."

Mwanamkuu hakuangalia ua. Alimwangalia mumewe shingoni, palipokuwa panaruka kama koo la mjusi. Wakaenda. Mlango wa pili wakasimama tena, Abasi akasifu mbao. Mara ya tatu alisimama mbele ya duka la vocha, lenye mlango wa bati uliopigwa rangi ya kampuni ya simu.

"Na huu?" Mwanamkuu aliuliza.

Abasi alihema kwanza. "Huu," alisema, "bawaba zake."

* * *

Walipoingia uani hakumpa nafasi hata ya kuvua kofia.

"Ulitia nini mdomoni?"

"Lini?"

"Baba Zuwena."

"Karafuu. Koo linaniwasha."

Mwanamkuu aliingia ndani, akatoka na kichupa kidogo cha vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Madaktari wa Dar walikuwa wamempa Abasi kwa ajili ya dharura, wakamwambia Mungu akipenda hutavihitaji. Akakitikisa mbele ya uso wake. Kilikuwa kinalia kama njuga ya mtoto iliyobaki na kokoto moja.

"Karafuu zako zinakwisha," alisema.

Abasi alikaa kwenye benchi lake la kazi, katikati ya makapi ya randa. Alikuwa mwanamume mrefu wa mikono mikubwa, na alipokaa hivyo mikono ilionekana kama vitu alivyoazimwa.

"Inabana nikitembea," alisema hatimaye. "Nikisimama inaachia. Kama zamani."

"Tangu lini?"

"Imeanza polepole."

"Twende hospitali kesho."

"Mama Zuwena, unakumbuka tulichokifanya hapa uani?"

Angesahauje? Ramadhani ilipokwisha, mtaa mzima ulimpeleka Abasi Dar es Salaam. Wenye nacho walitoa, wasio nacho wakatoa kuku, mpaka nauli ya msindikizaji ikapatikana. Huko wakamkuta mshipa wa moyo umebaki mwembamba kama uzi. Wakapitisha waya mkononi, wakautanua kwa puto dogo, wakaacha ndani springi ya kuushikilia usijifunge. Aliporudi anatembea kama kijana, wanazawiya wakasema haya hayawezi kupita hivihivi. Ng'ombe akachinjwa, pilau ikapikwa, ukaguzi wa masufuria ukafanywa na dada yake Abasi mwenyewe. Sheikh Abdulatifu wa zawiya akainua mikono, watu wakaitikia mpaka wapita njia wakasimama. Ndipo Abasi akashika kipaza sauti, furaha imemjaa mpaka machoni, akasema: "Ndugu zangu, nimepona. Mshipa umetiwa chuma. Hauwezi kuziba tena."

Hilo la kutoziba hakuna daktari aliyemwambia. Alilitia mwenyewe, kama mtu anavyozidisha kidogo anaposimulia harusi.

"Shukrani ilikwisha liwa," Abasi alisema sasa, anachokonoa kucha. "Niende kuwaambia nini? Nirudishieni tena michango, ile ya kwanza haikushika? Watu wamelia kwa ajili yangu, Mama Zuwena. Wameshukuru. Utamshukuru Mungu mara ngapi kwa kitu kilekile?"

"Mara zote atakazokitoa."

"Unasema wewe. Si wewe uliyeshika kipaza sauti."

Mwanamkuu alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliokota ufagio, akafagia makapi yaliyokuwa yamekwisha fagiwa.

* * *

Asubuhi alikuja Shamimu. Dada mkubwa wa Abasi hakuwa na desturi ya kubisha hodi nyumbani kwa mdogo wake. Alianza jikoni, kama kawaida yake tangu ile safari ya Dar.

"Shikamoo wifi," Mwanamkuu alisema.

"Marahaba. Hiki ni nini?" Alikuwa ameshafunua sufuria. Alichota mchuzi kwa mwiko, akaumiminia ndani tena akitazama unavyoshuka. "Mbona unang'aa?"

"Ni maji ya nyanya, wifi."

"Maji ya nyanya hayang'ai." Shamimu alibeba sufuria kwa khanga, akatoka nayo nje, akamwaga mchuzi wote jalalani. Wapangaji wawili waliokuwa wanafua waliinua vichwa, wakavishusha haraka. "Ndugu yangu anarudi amekonda, anahema, halafu mtu anamkaangia. Nimemletea uji. Usitie kitu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kila siku, bila ukali, ndiyo maana ilichoma zaidi. Mwanamkuu aliiosha sufuria palepale mbele ya wapangaji. Tangu mumewe arudi alikuwa anachemsha tu: maharage ya kuchemsha, samaki wa kuchemsha. Mafuta yalibaki kwa ajili ya kulainisha mlango. Isipokuwa jambo moja, ambalo hakuna aliyelijua. Siku mojamoja alikuwa anatia karanga za kusaga kwenye matembele, kwa sababu mtu si mbuzi hata ale majani matupu, na kwa sababu Abasi akionja karanga uso wake unafunguka. Na usiku, mumewe akikoroma kwa shida ubavuni, karanga hizo zilimjia kifuani moja moja. Labda ni mimi, aliwaza. Labda namuua kwa kijiko.

* * *

Jumanne alikwenda peke yake kliniki ya moyo. Daktari Agnetha, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kumtibu kupitia kwako, mama. Mlete."

"Hatakuja, daktari. Akija ameshakubali kwamba anaumwa."

"Anafanya kazi gani?"

"Seremala."

Daktari aligeuka akalitazama kabati lake la dawa. Mlango mmoja ulining'inia kwa bawaba moja. "Basi mwambie nina kabati," alisema.

Abasi akaja mchana ule ule, amevaa shati safi, futi mfukoni na penseli sikioni. Kazi ilimpendeza. Alipiga magoti akapima chini, akasimama akapima juu, akapiga magoti tena. Aliposimama mara ya pili, alilishika kabati kwa mikono yote miwili na kuweka paji la uso juu yake.

"Vipi, fundi?" Daktari Agnetha aliuliza.

"Joto."

"Hebu kaa. Wewe umepima la kwangu, na mimi nipime la kwako."

Abasi alimtazama daktari. Halafu akamtazama mkewe aliyekuwa mlangoni, ameushikilia mkoba wake kama ngao.

"Umeniuza, Mama Zuwena."

"Nimekuuza."

Wakamlaza, wakambandika nyaya za kupima umeme wa moyo, wakamsikiliza mbele na nyuma, wakamuuliza maswali ambayo safari hii aliyajibu bila karafuu. Daktari aliisoma karatasi ya kipimo mpaka mwisho.

"Ninavyoona, mshipa umeanza kujifunga tena. Kwa hakika mpaka wakautazame kwa ndani kule Dar."

"Springi imekatika?"

"Sidhani. Nadhani iko palepale ilipowekwa."

"Basi unazibaje? Chuma hakioti."

"Chuma hakioti. Wewe ndiye unayeota." Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye. "Sikiliza, fundi. Walipoitanua ile springi, waliusukuma ukuta wa mshipa kwa nguvu. Ukuta ukachubuka. Hapana namna nyingine ya kuutanua. Mwili ukajua, hapa nimeumia. Mwili ukiumia unafanya nini?"

"Unapona."

"Unaota kovu. Kwa watu wengi linakuwa jembamba, linaifunika springi, basi. Lakini kuna watu ambao mwili wao haujui kuacha. Unaota, unaota, mpaka njia ya damu inabanwa upya. Springi zinapakwa dawa ya kuzuia hilo, na wengi inawasaidia. Wachache haiwasaidii. Wenye sukari ndio hupatwa nalo zaidi, na wewe unayo."

"Vidonge vya kila siku sijaviacha hata mara moja."

"Najua. Ungeacha ungekuja hapa umebebwa, au usingekuja."

Abasi aligeuzageuza penseli. Kisha akaanza kusema polepole, kama mtu anayezungumza na ubao wake.

"Nimewahi kupasua gogo la mninga nikakuta waya katikati. Mtu aliwahi kufungia mzinga wa nyuki pale. Mzinga ulikwisha, mwenyewe alikwisha, waya ukabaki, mti ukaumeza. Kwa nje huoni kitu. Unajua msumeno unapolia."

"Ni hivyo hivyo."

"Nilimlaumu mwenye gogo, nikamwambia ameniuzia mti mbovu." Abasi alitikisa kichwa. "Kumbe mti ulikuwa unajitibu."

Mwanamkuu alikuwa bado mlangoni. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua: "Daktari, na karanga?"

"Karanga zipi?"

"Nilikuwa natia karanga kwenye matembele. Si kila siku. Siku mojamoja."

Daktari Agnetha alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Mama," alisema, "si karanga zako."

Mwanamkuu akakaa chini palepale kizingitini akalia, khanga mdomoni, wagonjwa wengine wakimruka kupita. Alilia miezi yote ile ya sufuria kufunuliwa. Abasi alimtazama kwa mshangao, maana hakujua kwamba mkewe alikuwa amebeba mzigo huo.

Maagizo yalikuwa wazi. Dar wiki hiyohiyo, wakaufungue tena, kwa puto lenye dawa au kwa springi nyingine, wao wataona. Asibebe mbao. Asipige zikri ya kusimama. Na maumivu yakimjia akiwa amekaa tu, wasingoje hata kufunga mlango.

"Nitakwenda baada ya maulidi," Abasi alisema.

"Lini?"

"Ijumaa. Kwihara."

Daktari alimtazama, kisha akamtazama Mwanamkuu. "Mimi sina kamba ya kukufunga, fundi," alisema. Abasi alitoka akiahidi kurudi kulitengeneza kabati.

* * *

Maulidi ya mfungo sita huko Kwihara, nje ya mji, huwakusanya watu wa mjini na wa vijijini, na mwaka huu Sheikh Abdulatifu alikuwa ametangaza kwamba atamvisha Abasi shali ya kuongoza zikri. Yeye mwenyewe amezeeka, pumzi haimtoshi, na kwa macho yake na ya wote hakuna aliyezama kuliko Abasi.

Ndiyo kusema hakuna mtu aliyekuwa anaheshimiwa kwa ugonjwa wake kama Abasi. Mwanamkuu alilitazama jambo hilo huku na huku asipate mahali pa kulishika. Akili haikutulia. Alikwenda sokoni akasahau alichofuata. Alikwenda stesheni kuuliza treni ya Dar, akaambiwa, akaondoka, akafika njiani akarudi tena kuuliza. Mwanawe Zuwena, aliyeolewa Tura, alipiga simu kuuliza habari za baba, na Mwanamkuu akajibu "salama" kwa sababu Abasi alikuwa amekaa karibu.

Jumatano jioni alishindwa, akamweleza Shamimu yote. Shamimu aliisikiliza habari ya kovu mdomo wazi.

"Wamemwekea springi ya mtumba," alisema.

"Si springi, wifi. Ni mwili wake mwenyewe."

"Mwili umfanyie hivyo mwenyewe? Usinichezee." Halafu akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza Mwanamkuu aliona kwamba mwanamke huyu naye ana hofu. "Hata ikiwa kweli, ngoja avishwe shali. Ukimtangaza leo mgonjwa, nani atampa kazi? Watu watauliza michango yao iliingia wapi. Watasema ule uzamaji ulikuwa uongo. Ijumaa ipite, wifi. Jumamosi nitamsindikiza mimi mwenyewe."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa atakaa kitini. Nitaongea naye."

Abasi aliahidi. Alimwahidi dada yake, akamwahidi mkewe, akaapa kwa kaburi la mama yao: atapokea shali, ataketi, wengine wapige. Mwanamkuu alitaka sana kumwamini, akamwamini.

* * *

Kwihara, turubai lilifungwa kwenye uwanja wa msikiti, pazia la wanawake likavutwa kutoka ukutani mpaka kwenye mwembe. Vumbi la watu waliofika kwa baiskeli na bajaji lilikuwa halijatulia. Kasida zikasomwa, ubani ukazunguka. Sheikh akamwita Abasi mbele, akamvisha shali ya kijani, akamkumbatia, na mzee yule akalia.

Mwanamkuu aliona kupitia tundu la pazia jinsi mumewe alivyoitafuta njia ya kwenda kitini. Njia haikuwepo. Safu mbili zilikuwa zimeshajipanga, mikono imeshikana, na katikati ya safu ya mbele wamemwachia nafasi. Dufu zilikuwa zinangoja. Nyuso zote zilikuwa zinamtazama kwa upendo, na huo upendo ndio uliomvuta. Akaingia.

"Kaapa kwa mama," Shamimu alinong'ona. "Kaapa kwa mama yetu."

Zikri ilianza taratibu. Vifua vilishuka na kupanda pamoja, pumzi zikatoka kwa mkoromo mmoja, zikri ikapanda, ikakaza. Shali ya kijani ilipanda na kushuka. Kisha ikapanda tu. Abasi alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, rangi ikamtoka, akaiachia mikono ya wenzake na kuanguka kiubavu juu ya jamvi.

"Amezama!" sauti ilipaa. "Amezama! Msimguse!"

Ndiyo desturi yao. Aliyezama haguswi. Huachwa mpaka arudi mwenyewe, na wenzake humzunguka tu asijigonge kichwa. Wakamzunguka. Dufu zikaongeza mwendo kwa furaha, na upande wa wanawake vigelegele vikapigwa.

Mwanamkuu hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita kwenye pazia. Alijikuta upande wa wanaume, khanga ya kichwa imebaki nyuma, na kijana mmoja mpole amenyoosha mikono mbele yake.

"Mama, huku wanaume."

"Yule ni mume wangu."

"Tunajua, mama. Yuko na Mola wake. Usimkatishe."

"Hajazama!" Mwanamkuu alipiga ukelele uliomkwaruza koo. "Anakufa! Moyo wake umeziba tena! Miezi yote hii mnamsifu, hakuzama hata siku moja! Alikuwa anaumwa!"

Dufu moja ikanyamaza, halafu nyingine. Walibaki watu wengi wamesimama na pumzi zao, hawajui pa kuzipeleka. Sheikh Abdulatifu alisogea, akapiga magoti kwa shida, akamshika Abasi mkono.

"Abasi, mwanangu. Ni kweli?"

Midomo ya Abasi ilikuwa na rangi ya jivu. Alikuwa anasikia. Mwanamkuu aliona kabisa kwamba anasikia, na kwamba hata pale, chini, bado anapima. Kisha akafumba macho na kuinamisha kidevu mara moja.

Hakuna aliyetikisika. Ni Shamimu aliyetoka nyuma ya pazia bila viatu, akawagawa wanaume kwa viwiko, akamshika ndugu yake miguu.

"Shikeni!" aliwapigia kelele. "Mnangoja nini? Shikeni!"

Ndipo wakashika wote kwa pamoja, wengi mno, mpaka wakabanana mlangoni mwa bajaji. Njia nzima ya kurudi mjini Shamimu alikipakata kichwa cha Abasi akisoma alichokijua, na Mwanamkuu alimshikilia kidonge cha mwisho chini ya ulimi kwa kidole chake, asije akakitema.

* * *

Alinusurika kufa. Daktari Agnetha alimpa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, akamfungia mashine, akasema kipande kidogo cha moyo kimeumia, kingine chote bado kipo, na asafiri kwa ndege mara atakapotulia.

Abasi hakusema na mkewe. Alisema na muuguzi, alisema na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu bei ya mninga, alimwambia Shamimu uji umepoa. Mwanamkuu akimlisha alifungua mdomo na kuangalia ukuta. Siku ya pili ndipo alipotoa neno.

"Umeniaibisha mbele ya Kwihara nzima."

"Ndiyo."

"Shali sijakaa nayo hata saa moja."

"Ningeitumia kukufunikia jeneza, ungeifurahia?"

Abasi akarudi ukutani.

Sheikh Abdulatifu alikuja alasiri, akiongozwa na fimbo. Alisema safari ya Dar watu wameshaisimamia, asiulize imesimamiwaje. Abasi alianza kuomba radhi. Sheikh alimzuia kwa mkono.

"Nani amwombe radhi nani? Umeanguka mbele ya macho yetu, na sisi tukapiga dufu." Mzee aliegemea fimbo yake. "Tulikuwa tunakushangilia, Abasi, na wewe unakufa. Hilo nitaulizwa mimi, si wewe." Aliiweka ile shali ya kijani iliyokunjwa juu ya kitanda, akaaga.

Asubuhi ya kuondoka, Daktari Agnetha alipita kumtazama kwa mara ya mwisho. Mwanamkuu alikuwa anafunga begi. Abasi aliuliza kama anayeuliza bei.

"Wakiufungua, unaweza kuziba tena?"

"Unaweza."

"Na tena?"

"Wengi hawafiki huko. Lakini nisikudanganye, unaweza. Ukibana tena, utafunguliwa tena, au watatafuta njia nyingine. Kinachowaua watu wangu mara nyingi ni kungoja."

Daktari alitoka. Nje gari la kwenda uwanja wa ndege lilipiga honi. Mwanamkuu alichuchumaa amvishe mumewe viatu, kwa sababu alikuwa amekatazwa kuinama. Alikuwa na mengi aliyojiwekea ya kumwambia njiani, makali, aliyoyapanga siku zote hizo akiangalia kisogo chake.

Abasi aliweka kiganja chake kikubwa juu ya kichwa cha mkewe.

"Mama Zuwena," alisema. "Ikianza tena, nitakwambia."

Mwanamkuu aliendelea kufunga kamba ya kiatu. Iligoma kuonekana vizuri.

"Siku hiyohiyo?" aliuliza.

"Siku hiyohiyo."

"Hata kama tumeshachinja?"

"Hata kama watu bado wanakula," Abasi alisema.